Mwizi Asiwe Mtu: Kufundisha Watoto Uchumi kwa Hadithi za Upelelezi

Mwalimu mmoja wa darasa la nne ametuandikia. Aliwasomea wanafunzi hadithi ya upelelezi kuhusu fedha zilizopotea dukani, wakaifuatilia kwa hamu hadi mwisho, lakini alipowauliza wamejifunza nini wakajibu kwa pamoja: "Tusiibe." Yeye alitaka wajifunze habari za bei na faida. Watoto walijibu sawasawa, maana hadithi iliishia kwa kijana aliyechomoa noti. Fumbo likifumbuliwa kwa kumkamata mtu, somo linakuwa la maadili. Ukitaka somo la uchumi, fedha zipungue bila mtu kuziiba.

Kwa hiyo anza na hesabu, wahusika watafuata. Tuseme Mama Zuhura anakaanga maandazi 60 kwa siku, siku sita kwa wiki, na kila andazi ni shilingi 200. Mauzo ni 12,000. Unga kilo mbili 3,600, mafuta nusu lita 3,000, sukari nusu kilo 1,400, mkaa 1,000, hamira na iliki 500. Jumla ya gharama 9,500, faida 2,500. Kila wiki anaweka 15,000 kwenye kopo. Wiki hii kopo lina 10,200, na maandazi yote yaliuzwa. Ziko wapi 4,800?

Jibu: sukari imepanda kutoka 2,800 hadi 4,400 kwa kilo. Kila nusu kilo imezidi kwa 800, mara siku sita, 4,800 kamili. Hakikisha upungufu unalingana na sababu mpaka shilingi ya mwisho. Mtoto akizipata 4,800 kwa kalamu yake, hahitaji mtu mzima wa kumthibitishia.

Badilisha bei ya kitu kimoja tu. Unga na sukari vikipanda pamoja, watoto hawawezi kutenganisha mchango wa kila kimoja, na wataanza kubahatisha.

Washukiwa watatu wanatosha. Kaka Juma, mtunza kopo, ana mpira mpya. Huyu ni chambo kizuri, kwa kuwa watoto hudhani mambo mawili yakitokea wiki moja basi moja limesababisha jingine. Mtoe hatiani kwa ushahidi: mpira aliununua kabla fedha hazijaanza kupungua. Jirani anayekopa maandazi anaokolewa na daftari la madeni, amelipa yote Jumamosi. Wa tatu ni mwenye duka, na hapa ndipo waandishi wengi wanaharibu. Wakishagundua kuwa sukari imepanda, watoto humgeukia yeye: mlanguzi! Weka karatasi zake mbili za manunuzi. Mfuko wa kilo 50 aliununua kwa 130,000, sasa ameununua kwa 210,000. Wagawanye wenyewe: zamani kilo ilimgharimu 2,600 akauza 2,800, sasa inamgharimu 4,200 anauza 4,400. Anabaki na 200 ileile. Usiiache hatua hii, la sivyo darasa zima litaondoka likiamini kila bei inayopanda ina mtu mbaya nyuma yake.

Kidokezo kikuu kiwekwe mapema, mbele ya macho. Zuhura anatumwa nusu kilo ya sukari na 1,500, fedha ambayo siku zote humrudishia chenji ya mia, safari hii anaambiwa, "Ongeza mia saba." Ipite sentensi hiyo bila maelezo. Jibu lisipokuwa na kidokezo kilichosomwa kabla, watoto huhisi wamedanganywa, na wana haki. Wala usimlete mjomba msomi wa kueleza kila kitu mwishoni.

Simamisha usomaji kabla ya ufumbuzi. Wagawe wanne wanne, kila kundi lipate nakala ya daftari, karatasi za manunuzi na dakika 25. Kwa walio chini ya miaka minane punguza maandazi yawe kumi na watumie vifuniko vya soda kuhesabia. Maneno kama gharama na faida yaje baada ya fumbo kufumbuliwa. Na usiulize "Nyumbani kwenu mama anapata faida kiasi gani?" Hayo ni mambo ya familia yao.

Sehemu yenye utajiri zaidi inafuata: Mama Zuhura afanyeje? Watoto watasema apandishe hadi 250. Gharama sasa ni 10,300. Akiuza yote 60 anabaki na 4,700, zaidi ya zamani. Lakini jirani anauza mihogo ya kukaanga, na wateja wana miguu. Akiuza 48 kati ya 60 aliyokaanga, anapata 12,000, faida 1,700, sawa na kama asingepandisha kabisa. Akiuza 47 amejiumiza. Waache wabishane, na mmoja akikumbuka shida ya chenji ya hamsini, mpe nafasi aeleze.

Wakiuliza kwa nini sukari ilipanda, hilo ni fumbo la pili, na lina msingi wa kweli: mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania baada ya mvua za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa.

Kabla ya kuisimulia kwenu, pita dukani ubadilishe bei zote ziwe za leo, kisha rudia kila hesabu, pamoja na ile mia saba.