Sauti Hujengwa: Ushauri kwa Waigizaji Wachanga kutokana na Kazi ya James Earl Jones

Kila ninapokaa na vijana wa vikundi vya maigizo, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajasema kwamba fulani amejaliwa sauti, na kwamba yeye, kwa kuwa hakujaliwa, atabaki kuwa wa kupanga viti na kuvuta mapazia. Jina linalotajwa mara nyingi katika mazungumzo hayo ni la James Earl Jones, Mmarekani mweusi aliyefariki Septemba 9, 2024 akiwa na umri wa miaka 93, ambaye wengi wetu tulimsikia kwanza akiwa baba yake Simba katika The Lion King, filamu ya katuni ya mwaka 1994, kabla hatujaiona sura yake. Huwajibu kwamba wamechagua mfano unaowapinga wenyewe, kwa maana mtu huyo alikuwa na kigugumizi ambacho hakikumtoka maisha yake yote. Mimi pia nina kigugumizi, nimeigiza nacho jukwaani na redioni, na ushauri ninaoutoa hapa nimeujaribu kwa koo langu mwenyewe.

Jones alizaliwa Januari 17, 1931 huko Arkabutla, katika jimbo la Mississippi, akalelewa na babu na bibi yake wa upande wa mama, ambao walihamia naye Michigan alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi. Uhamisho ule ulimtikisa, kigugumizi kikamshika, na kwa takriban miaka minane akawa karibu bubu mbele za watu. Alipofika shule ya sekondari, mwalimu wake Donald Crouch aligundua kwamba kijana yule asiyesema alikuwa akiandika mashairi kwa siri. Mojawapo lilikuwa la kulisifu balungi, tunda ambalo kwa watu wa shamba la Michigan wakati wa baridi halikuwa la kila siku. Mwalimu alimwambia kwamba shairi lilikuwa zuri kiasi cha kutia shaka, na kwamba kama kweli ni lake, basi asimame mbele ya wenzake alighani kwa kichwa bila karatasi. Kijana akasimama, akalisema lote bila kukwama.

Sisi wenye kigugumizi kisa hiki hakitushangazi, kwa kuwa tunajua kwamba maneno yenye mizani, yaani hesabu maalumu ya silabi, hupita pale ambapo maneno ya kawaida hukataa kupita. Kwangu mimi herufi korofi ni b na p zikiwa mwanzoni mwa neno: nikiwa dukani naweza kuhangaika na “bwana” mpaka muuzaji akanimalizia sentensi (tabia ambayo, kwa wanaotaka kutusaidia, ningeomba waiache), lakini neno hilohilo likiwa ndani ya ubeti hutoka bila taabu. Kwa hiyo ninachowashauri vijana, wenye kigugumizi na wasio nacho, ni kuanza na tenzi. Kipande kimoja cha utenzi kina mizani nane, kiasi kinachotosha pumzi moja ya utulivu. Simama wima, weka kiganja chini ya mbavu, vuta pumzi kabla ya kipande na wala si katikati yake, kisha usiikimbilie silabi ya mwisho, kwa sababu mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwigizaji anayeimeza silabi hiyo hasikiki nyuma ya ukumbi hata apige kelele namna gani. Fanya hivyo kila asubuhi mpaka pumzi izoee, ndipo uhamie kwenye maandishi ya nathari ukiwa na pumzi ileile.

Usitarajie tiba. Jones mwenyewe, akiwa tayari na jina kubwa duniani, alieleza kwamba hakupona, bali alijifunza kufanya kazi na kigugumizi chake na kuyatambua mapema maneno yatakayomtega. Mzazi mwenye mtoto ambaye kigugumizi kinamzuia kabisa kusema na amtafute mtaalamu wa matamshi hospitalini. Mashairi husaidia, lakini hayachukui nafasi ya mtaalamu.

Jambo la pili ambalo vijana hawapendi kulisikia ni la muda. Jones aliingia Chuo Kikuu cha Michigan akiwa na nia ya kusomea udaktari, akahamia maigizo, akatumikia jeshi kama ofisa, kisha akaenda New York kusomea uigizaji huku akijikimu kwa kazi ya usafi wa majengo. Katika ukumbi mdogo wa Ramsdell, mjini Manistee, Michigan, alianza kama fundi seremala wa jukwaa, na ni hukohuko alikocheza Othello wa Shakespeare mwaka 1955. Kwenye Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, alipata nafasi ndogo ya mtumishi wa nyumbani mwaka 1958. Nawaambia vijana kwamba mtu aliyepigilia misumari ya jukwaa anajua mbao zipi hulia zinapokanyagwa na mahali gani sauti hupotea, na maarifa hayo hayapatikani kwa kukaa pembeni kungoja kuitwa nafasi kuu.

Kuhusu nafasi ndogo, upo mfano unaotuhusu kwa karibu. Mwaka 1962, katika maonyesho ya wazi ya Central Park yaliyoendeshwa na Joseph Papp, Jones alicheza Mwana Mfalme wa Moroko katika tamthilia ya Shakespeare ambayo sisi tunaisoma kwa jina la Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Mhusika huyo huonekana kidogo tu: anakuja kuposa, katika mtihani wa wachumba anachagua kasha la dhahabu, anakosa, anaondoka. Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alikwenda kumtazama mwigizaji mwingine, George C. Scott, aliyecheza Shailoki, lakini akatoka akiwa amemwona na huyu pia, na filamu ya kwanza ya Jones ikawa ya Kubrick, mwaka 1964. Nafasi hiyo nimeifanyia mazoezi mara nyingi kwa Kiswahili, na naipendekeza kwa yeyote. Maneno ya kwanza ya Mwana Mfalme yanamwomba mwanamke asimkatae kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na kishawishi cha kila mwigizaji ni kuyapaza ili hadhira imhurumie. Yajaribu kwa sauti ya chini, ukimtazama machoni mwenzako, kama mtu ambaye ameshayasema hayo katika nyumba nyingi na amechoka kuyarudia. Utaona kwamba ukumbi wenyewe unainama kukusikiliza.

Mafanikio makubwa yalimjia kupitia The Great White Hope, tamthilia iliyotokana na maisha ya bondia Jack Johnson. Ilianzia katika ukumbi wa Arena Stage, Washington, mwaka 1967, ikaingia Broadway mwaka uliofuata wakati Jones ana umri wa miaka 37, ikampa Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway, mwaka 1969. Ilipofanywa filamu mwaka 1970 alipendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, Mmarekani mweusi wa pili kufikia hapo baada ya Sidney Poitier. Miaka 37! Nawafahamu wenye vipaji ambao walikuwa wameshaacha sanaa kabla ya kutimiza 25 kwa sababu tamthilia ya televisheni haikuwachukua. Tony ya pili aliipata mwaka 1987 kwa Fences, tamthilia ya August Wilson, akicheza mzoa taka wa Pittsburgh ambaye zamani alikuwa mchezaji hodari wa besiboli. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 84, alirudi Broadway na mwigizaji Cicely Tyson aliyekuwa na miaka 90, mwenzake tangu maonyesho ya New York ya mwaka 1961. Koo lisilotunzwa haliwezi kubeba jukwaa la kila usiku katika umri huo, kwa hiyo anayedhani kwamba kupiga kelele mazoezini ndiko kujituma aupime mzigo huo.

Limebaki suala la malipo, ambalo sisi wa redio na matangazo tunalijua kwa uchungu. Kwa sauti ya Darth Vader, mhusika mwovu mwenye kinyago katika filamu ya kwanza ya Star Wars ya mwaka 1977, Jones alilipwa dola 7,000, naye mwenyewe hakutaka jina lake liorodheshwe, kwa kuwa aliihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya ufundi wa filamu tu. Mwaka 2022 ilifahamika kwamba alikuwa ameridhia rekodi zake za zamani zitumike kuizalisha upya sauti ile kwa programu ya akili unde, naye akiwa hai na ameshauriwa. Vijana wetu wengi hutia sauti kwenye matangazo kwa makubaliano ya mdomo, wanapewa nauli na kitu kidogo, na miezi baadaye wanajisikia wakitangaza bidhaa nyingine kabisa. Limenipata mimi, na aliyenifanyia hivyo hakuona kosa, kwa kuwa karatasi haikuwepo. Kabla hujaingia studio, omba mkataba unaosema rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na kama inaruhusiwa kutumika kutengeneza sauti nyingine. Ukiambiwa kwamba hilo halina haja kuandikwa, uliza ni nani atakayelipa siku litakapotokea, na usisogee kwenye kipaza sauti mpaka ujibiwe kwa maandishi.