Gumba lipo, kwa nini likatwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Gumba lake la kulia lina hadi ukucha, ila linaning'inia kwa kigozi chembamba. Tumeambiwa likatwe, kisha kidole cha shahada kigeuzwe gumba. Kwa nini lisiungwe tu? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kazi ya gumba iko shinani, kwenye kiungo kinacholiwezesha kugeuka na kuvikabili vidole vingine. La mwanao halina kiungo hicho, wala mfupa wa shina, wala kano za kulivuta. Tukiliunga litasimama kama kigingi, na mtoto atalikwepa. Katika madaraja ya Blauth yanayopima upungufu wa gumba, ya I hadi V, maelezo yako yanaangukia la IV. Magumba ya daraja la I hadi IIIA, ambayo shina lake bado ni thabiti, hatuyakati. Inapohitajika, tunakaza kiungo na kuhamisha kano.

Mwekee punje ya karanga umtazame. Huenda ataibana kati ya kidole cha shahada na cha kati. Basi gumba ameshajichagulia mwenyewe, sisi tunalisogeza mahali pake.

Kidole cha shahada hakikatwi kikapandikizwa. Kinabaki na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Tunafupisha mfupa wake wa kiganjani, tunakizungusha nyuzi 120 au zaidi, na misuli yake tunaipa kazi mpya. Kisha hogo, wiki tano au sita. Mkono utakuwa na vidole vinne, na wageni wengi hawatagundua. Mbinu tunayoifuata ilichapishwa mwaka 1971 na Dieter Buck-Gramcko wa Ujerumani, nchi iliyokuwa na watoto wengi walioharibiwa viungo na thalidomaidi, dawa waliyomeza mama zao wakiwa wajawazito, iliyouzwa huko 1957 hadi 1961.

Nguvu haitalingana na ya mkono mzima. Atashika kalamu, atafunga vifungo, lakini kifuniko kilichokaza atakifungua kwa mkono mwingine. Na kama kidole cha shahada chenyewe ni kigumu, jambo la kawaida pale mfupa wa kigasha upande wa gumba unapokosekana, mimi husita kabisa, maana kidole kigumu huzaa gumba gumu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba hujataja vipimo. Mkono huumbika katika majuma yaleyale ya moyo na figo (na si kwa sababu ya ulichokula au neno la jirani). Kabla ya kisu naomba eko ya moyo, ultrasaundi ya figo, picha kamili ya damu na kipimo cha kromosomu cha kutafuta ugonjwa wa Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho unaotengeneza damu. Hicho cha mwisho usikubali kiachwe kwa kuwa damu iko sawa. Katika Fanconi huweza kuwa sawa leo, ikaanza kushuka miaka kadhaa mbele. Operesheni inaweza kusubiri majibu.

Mkono wa kushoto nao ukaguliwe. Gumba lililopungua kidogo tu, lenye nyama haba chini yake, hupita bila mtu kuliona.