Sendoff isikupangie kilo

Swali lenu la wiki hii, "Anayetaka kupunguza uzito ajiwekee lengo gani?", nalijibu nikiwa kwenye cherehani. Nashona nguo za sendoff na kitchen party hapa Mwananyamala, na wateja wanaoniambia "fundi nibanie hapa, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua kilo kumi" hawaishi. Siku yenyewe mwezi ujao!

Tarehe ya shughuli isikupangie lengo. Kasi salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, yaani mwezi mzima kilo mbili mpaka nne. Wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka haraka, ila sehemu kubwa ni maji. Zile chai za kuharisha nazo zinatoa maji tu, mafuta yamekaa palepale. Anayejinyima kupita kiasi hupoteza misuli, na kupungua kwa kasi kunaweza hata kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Mimi ningeanza na asilimia 5 ya uzito ulio nao. Mwenye kilo 90 atafute kilo nne na nusu, akishafika ndipo apange tena. Shoga zako huenda wasione kitu, lakini presha na sukari huanza kunufaika hapo.

Futi nayo iwe shahidi wako. Pima mzunguko wa tumbo juu kidogo ya mfupa wa nyonga, siyo pale tunapopimia sketi, na toa pumzi kawaida (wengi wakiona futi wanavuta tumbo ndani, mnamdanganya nani?). Mwanamke aliyezidi inchi 35 na mwanaume aliyezidi 40 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo.

Ila kilo huziamrishi. Unachoamrisha ni mkono na miguu, kwa hiyo lengo la wiki liandikwe hivyo: chips mayai Jumamosi tu badala ya kila jioni, mboga za majani zijae nusu ya sahani, ugali upungue, soda iachwe, maana soda nyingi kwa chupa moja zina sukari ya vijiko vya chai saba na zaidi. Kutembea, dakika 30 siku tano kwa wiki. Shuka daladala vituo viwili kabla, au toka alfajiri kabla joto la Dar halijakukatisha tamaa.

Mjamzito asijaribu kupungua. Anayetumia dawa za sukari au presha aongee na daktari kwanza, kwa sababu dawa ya sukari juu ya tumbo tupu inaweza kukuangusha.

Mizani ikigoma wiki mbili tatu, usikate mlo mwingine kwa hasira. Chunguza kwanza vitu usivyovihesabu: andazi la saa nne, mabaki ya wali wa watoto, na ile soda ya ofisini ambayo eti haihesabiki kwa kuwa umenunuliwa.