Je, kazi ya kupaua ina mustakabali?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tangu nimalize kidato cha nne namsaidia mjomba wangu kupaua nyumba hapa Morogoro. Wazazi wangu wanasema kazi hii haina mbele, kwani fundi huzeekea juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) bila akiba. Je, niendelee nayo?
Msomaji, Kihonda

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya wazazi wako ina msingi, ila tatizo halimo katika kazi yenyewe bali katika namna mafundi wengi wanavyoifanya. Anayejua kupigilia mabati tu hulipwa kama kibarua mpaka magoti yachoke, ilhali anayesoma ramani na kukokotoa mbao za kenchi, papi (mbao za kupigilia mabati) na idadi ya mabati kabla mwenye nyumba hajakwenda dukani ndiye anayekabidhiwa kazi nzima na kujichagulia wasaidizi.

Kwa hiyo, mwombe mjomba akushirikishe katika vipimo na makadirio. Elewa kwa nini bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, kwa nini msumari wa bati la migongo hupigwa juu ya mgongo na si bondeni, na kwa nini mabati huanza kupangwa kutoka upande usiokabili upepo wa mvua. Mapaa ya kuficha, yaani yaliyozungukwa na ukuta ili yasionekane, yanayopendwa mijini siku hizi yamempandisha thamani fundi anayejua mteremko na mifereji, kwa kuwa maji yakikwama nyuma ya ukuta huishia darini.

Kuhusu cheti, VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, ambao hupimwa na kutunukiwa cheti bila kuanza masomo upya. Mwenye nyumba huenda asikuulize cheti hicho, lakini kampuni ya ujenzi itakuuliza.

Jambo ambalo mafundi wetu hulipuuza mno ni kuanguka. Ngazi ifungwe, mkanda wa usalama uvaliwe, na bati lililoloa lisikanyagwe hata mteja akikuharakisha. Ukiajiriwa, mwajiri ndiye anayepaswa kukuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala hatakiwi kukukata mshahara kwa ajili hiyo. Ukijiajiri, NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) hupokea pia michango ya waliojiajiri, nawe uanze kuitenga katika malipo ya nyumba ya kwanza utakayokabidhiwa.