Jibu: Nyumba ya Mtwapa "isiyo na kazi"

Dada yangu, umeuliza kama ile nyumba ndogo karibu na Mtwapa mjini, Pwani ya Kenya, kweli haina gharama za matunzo kama dalali anavyodai. Dalali ni dalali! Ua mdogo na sakafu ya vigae vitakupunguzia kazi, sawa. Lakini chumvi ya bahari hula chuma. Mimi hapa Kisauni nimeshabadilisha geti mara mbili. Kagua madirisha, na chini ya slabu utazame kama nondo za chuma zimeshika kutu na kuanza kupasua plasta. Maji ya kisima yaonje kama yana chumvi.

Kubwa zaidi: ardhi ni ya nani? Huku kwetu nyumba nyingine huuzwa bila ardhi, ukabaki kumlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Kapekue hati ofisi ya ardhi kabla hujatoa arbuni.