Sabufa inayovuma noti moja: pima chumba kabla ya kuongeza nguvu

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba sabufa yako (spika ya sauti za chini, yaani besi) inavuma kupita kiasi katika noti chache na kupotea katika nyingine, kwamba kupandisha ekwalaiza ya amplifaya hadi mwisho hakujasaidia, na kwamba sasa unafikiria kununua amplifaya kubwa zaidi. Ningekushauri uahirishe ununuzi huo, kwa kuwa dalili ulizozitaja ni za chumba, wala si za upungufu wa nguvu.

Sebule yangu hapa Dar es Salaam ina urefu wa mita 5, kuta za matofali ya saruji na sakafu ya vigae, vitu ambavyo hurudisha ndani karibu besi yote inayovigonga. Sauti inayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana hujilimbikiza pale ambapo nusu ya urefu wa wimbi inalingana na umbali wa kuta hizo. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde, hivyo gawanya 175 kwa urefu wa chumba chako kwa mita: kwangu jibu ni hezi 35 (mitetemo 35 kwa sekunde), na mvumo wa pili unaangukia hezi 70. Sofa lilikuwa katikati ya urefu huo, mahali ambapo mvumo wa kwanza hufifia na wa pili huwa mkali. Ndiyo maana katika muziki wa dansi kila mpiga besi alipofika freti ya nne ya waya wa A, ambayo ni kama hezi 69, vioo vya madirisha vilitetemeka, ilhali midundo ya chini kabisa haikusikika.

Ekwalaiza ya kawaida yenye vijiti vya kupandisha na kushusha haitibu hali hiyo, kwa sababu kijiti kimoja hugusa eneo pana mno na mvumo wa chumba ni mwembamba. Unahitaji ekwalaiza ya parametriki, inayokuruhusu kuchagua masafa yenyewe (hezi ngapi hasa), kiasi cha kupunguza na upana wa eneo linaloguswa. Mimi natumia kisanduku cha miniDSP, ambacho ni ekwalaiza ya aina hiyo, kati ya risiva (amplifaya ya sebuleni) na sabufa, pamoja na maikrofoni ya kupimia ya UMIK-1 na programu ya bure ya kupima chumba, Room EQ Wizard. Maikrofoni ya simu usiitegemee bila kuihakiki, maana simu nyingi hupunguza sauti za chini kwa makusudi ili kuondoa kelele za upepo.

Kabla ya kugusa kichujio chochote, yaani mpangilio wa ekwalaiza unaopunguza au kupandisha masafa fulani, hamisha vitu. Nilisogeza sofa nyuma kwa sentimita 70, nikapima tena, na besi ya hezi 35 ikarudi huku kilele cha hezi 70 (mahali sauti inapozidi kwenye grafu ya kipimo) kikipungua bila senti moja kutumika. (Mwenye nyumba ya kupanga anaweza kukukataza kutoboa ukuta, lakini sofa hawezi kukuzuia kulisogeza.) Kilele kilichobaki nilikikata kwa desibeli 7 kwa kichujio chembamba, na kwa kuwa mvumo wa chumba ukipunguzwa kwa namna hiyo huwahi pia kuzimika, mdundo ulikuwa mkavu kuliko nilivyotarajia.

Mabonde, yaani masafa yanayopotea kwenye grafu, ndiyo yanayowaponza wengi. Mahali ambapo wimbi la moja kwa moja na lile lililorudi vinafutana, nguvu unayoongeza hufutwa vilevile. Kupandisha desibeli 10 kunadai nguvu mara 10, yaani amplifaya inayotoa wati 50 sasa italazimika kutoa 500, na bado bonde litabaki karibu lilivyo. Kwa sanduku la sabufa lenye tundu la hewa hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa chini ya masafa ambayo tundu lile limepangiwa, koni ya spika hukosa kizuizi na huweza kuharibika. Kwa hiyo kata vilele, na bonde lirekebishe kwa kuhamisha sabufa au kiti.

Pima pia zaidi ya kiti kimoja, tuseme viti vitatu vya sofa, kisha ufanyie kazi kilele kinachojitokeza katika vyote. Kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya kiti chako peke yake kinaweza kumharibia aliyekaa pembeni. Spika za mbele nimezikatia hezi 80, yaani sauti za chini ya hapo naiachia sabufa, na fezi ya sabufa (wakati mawimbi yake yanapopanda na kushuka yakilinganishwa na ya spika hizo) naigeuza hadi eneo la makutano yao linapanda zaidi kwenye grafu.

Fedha uliyotenga kwa ajili ya amplifaya ingefaa zaidi kununulia sabufa ya pili inayofanana na ya kwanza, moja ikae katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, kwa sauti sawa na fezi moja. Zikiwa hivyo, mvumo wa kwanza wa urefu wa chumba hausukumwi tena, na kazi inayobaki kwa ekwalaiza huwa ndogo.