Mbwa wa miezi mitano mwenye chonge mbili mbili: usizing'oe nyumbani

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ni kawaida mbwa wako wa miezi mitano kuacha damu kwenye vitu anavyotafuna, na kama chonge zake za juu, ambazo sasa zimesimama mbili mbili, zisubiriwe zidondoke zenyewe. La kwanza lisikutie hofu. La pili usilicheleweshe.

Nimelea watoto wa mbwa kwa miaka mingi, wengi wao wa mbegu ndogo, na hao ndio husumbuliwa zaidi na tatizo hili. Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno huanza kuchomoza kwenye wiki ya tatu hivi, na akikaribia miezi miwili kwa kawaida anayo yote 28, membamba na makali kama sindano. Mbwa mzima ana 42: 20 juu na 22 chini. Yanayoongezeka ni ya nyuma, hasa magego makubwa, ambayo hayana ya utotoni ya kuyatangulia.

Meno ya mbele hubadilika kwanza, karibu na mwezi wa nne. Chonge na magego hufuata, na kufikia miezi saba kinywa kinatakiwa kiwe kimekamilika. Meno mengi yanayotoka humezwa na chakula bila madhara, ndiyo maana wafugaji wengi hawaoni hata moja sakafuni. Damu kidogo, fizi nyekundu na kutafuna kila kilicho karibu, yote hayo ni ya umri huu.

Sasa chonge. Jino la kudumu likipanda mahali pake, mzizi wa lile la utotoni huyeyuka taratibu hadi libaki limeshikwa na ufizi tu, kisha linadondoka. Mzizi usipoyeyuka, la zamani hubaki imara na jipya hulazimika kupita pembeni. Juu, chonge mpya hutokea mbele ya ile ya zamani. Chini hutokea upande wa ndani, kuelekea ulimi, na hapo pana hatari kubwa zaidi, kwa sababu ncha yake inaweza kuchoma kaakaa kila mbwa anapofunga mdomo. Kwa hiyo, hata kama umeona za juu tu, funua na za chini leo.

Kanuni ninayoifuata ni hii: meno mawili ya aina moja hayapaswi kukaa nafasi moja kwa wakati mmoja. Jipya likishatokeza na la zamani halitikisiki, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Katikati ya meno hayo hunasa nywele na chakula, ukoga unajijenga haraka, na fizi huanza kuoza mbwa akiwa bado mdogo. Wapo wanaoshauri kungoja hadi siku ya kuhasi ili apewe dawa ya usingizi mara moja tu. Kama ni siku chache zijazo, sawa. Kama ni miezi, mimi sikubaliani kabisa, kwa sababu jino jipya linaendelea kukaa upande usio wake.

Koleo liweke mbali. Mzizi wa chonge ya utotoni ni mrefu kuliko sehemu unayoiona, tena mwembamba, na hukatika kirahisi. Kipande kikibaki ndani kinaweza kuleta usaha, na jino changa lililo jirani linaweza kuumia. Daktari humlaza mbwa kwa dawa na kulitoa lote.

Akiwa amelala, mwombe ahesabu meno yote. Jino lisiloonekana, hasa gego dogo la kwanza nyuma ya chonge, na hasa kwa mbwa wa pua fupi, linastahili kupigwa eksirei. Huenda halikuumbwa kabisa, na hilo halina shida. Lakini kama limezikwa ndani ya taya, uvimbe wa maji unaweza kujitengeneza na kula mfupa kimyakimya.

Kuhusu vya kutafuna: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno. Mifupa na pembe huvunja lile gego kubwa la juu analokatia nyama. Mpe mpira laini, na michezo ya kuvutana ipumzisheni mpaka kinywa kitulie.

Ukianza kumswaki, tumia dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu haifai kwa sababu mbwa huimeza, na baadhi zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo kwake ni sumu.